Naomba ushauri: boti kubwa ya rimoti kwenye maji ya chumvi

Wakuu, habari zenu. Niko Tanga, naunda boti yangu ya kwanza kubwa ya rimoti inayotumia umeme: mita 1.5 kutoka omo hadi tezi, plaiwudi iliyopakwa epoksi. Nataka ikimbie baharini pale Raskazoni, na chumvi ndiyo inayoninyima usingizi. Mota isiyo na brashi na kidhibiti mwendo vinapozwa kwa maji. Je, nivute maji ya bahari kisha nisafishe mipira ya kupitishia maji kila nikitoka, au nizungushe maji baridi (yasiyo na chumvi) yaliyofungwa humo humo ndani? Betri ni lithiamu za seli 6, volti 22.2, nzito kweli; nafikiria kuziweka katikati. Bomba la shafti ya rafadha (propela) nitalijaza grisi. Mliowahi kuendesha wakati wa upepo wa kusi, nisaidieni hasa kwenye upoozaji.