Epoksi sakafuni: rola inatosha, au ni lazima skwiza ya meno?

BintiMuheza:

Wakuu, habari za leo.

Ninafungasha viungo: mdalasini, pilipili manga, iliki na karafuu, mzigo unaoshuka kutoka Amani na vijiji vya Muheza. Chumba cha kazi kiko Tanga mjini, mita 8 kwa 5, jamvi la zege lililopigwa niru. Ni la siku nyingi, na sasa niru inaachia vumbi. Ukifagia asubuhi, mchana vumbi limerudi, na mimi bidhaa yangu ni unga. Vumbi la saruji kwenye mdalasini wa mtu ni kitu ambacho sitaki hata kukifikiria.

Nimeamua kupaka epoksi, ile rangi nzito ya sakafu inayochanganywa na dawa ya kuigandisha. Nimeita mafundi wawili. Mmoja anasema rola ya manyoya inatosha, epoksi ni rangi kama rangi nyingine. Wa pili amenipa orodha: skwiza ya meno, rola ya miiba, viatu vya miiba, drili ya kukorogea. Orodha yake ukiijumlisha inakaribia bei ya epoksi yenyewe.

Nimeshaona duka la jirani lililopakwa kwa rola tu. Ukisimama mlangoni jua likipiga unaona mistari kama shamba lililolimwa, sehemu moja nene, nyingine unaliona zege kwa chini. Palipo pembamba ndipo toroli limeshachubua.

Swali langu ni moja: ni kifaa gani hasa kinachofanya epoksi ikae sawasawa, na katika orodha ile kipi ni cha lazima? Nitashukuru akijibu mtu aliyeifanya kazi kwa mikono yake.

---

FundiSakafu_Dar:

Dada, umefanya vyema kuuliza kabla hujanunua. Kazi yangu ni sakafu: magodauni, maduka ya dawa, vyumba vya kufungashia kama chako. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hili jambo watu wanalichukulia kama kupaka ukuta, na ukuta hautembelewi na toroli.

Anza na lita kabla ya kifaa. Lita moja ikitandazwa mita moja ya mraba inakaa unene wa milimita 1. Hesabu hii haibadiliki popote duniani. Chumba chako ni mita za mraba 40. Ukitaka unene wa milimita 0.3, ambao kwa koti la juu la kazi yako unafaa, unahitaji lita 12. Ukitaka ile epoksi nzito inayojisawazisha yenyewe, ya milimita 2, hizo ni lita 80 na bajeti nyingine kabisa. Na angalia kopo: kama epoksi ni ya maji na nusu yake ni maji, milimita 0.3 uliyotandaza itakauka ibaki 0.15. Isiyo na maji wala tina ndani inabaki karibu ile ile uliyomwaga.

Sasa lita 12 unazo. Kazi ya kifaa ni kuhakikisha kila mita imepata haki yake, yaani mililita 300. Rola haiwezi kukuhakikishia hilo. Rola ikitoka kwenye ndoo imeshiba, inaacha nyingi pale inapoanzia na kidogo inapoishia, na mkono wa fundi ukichoka inabadilika tena. Ile mistari ya jirani imetoka hapo.

Skwiza ya meno ni ile ya mpira kama ya kusukumia maji bafuni, ila ukingo wake umekatwa meno. Unamwaga epoksi sakafuni kwa mistari, unaivuta. Mpira unagusa zege na kuzuia, nafasi kati ya jino na jino zinapitisha. Nyuma yake kunabaki matuta membamba yanayolingana, kisha matuta hayo yanalala yenyewe na kuungana. Unene umeamuliwa na ukubwa wa meno, hauamuliwi na nguvu za fundi. Kwa hiyo kwangu mimi, katika ile orodha, hicho ndicho cha kwanza.

Ila usidanganyike na namba iliyoandikwa kwenye skwiza. Jino la milimita 3 haliachi milimita 3. Hata meno ya pembetatu yaliyoshikana bila nafasi yanaacha nusu tu ya kina chake, na mengi yana sehemu bapa katikati, kwa hiyo yanaacha kidogo zaidi. Ukiilaza skwiza badala ya kuisimamisha, inapungua tena. Mpira ukilika nao unapungua. Ndiyo maana mimi naiamini ndoo kuliko jino, na nafanya hivi:

Chora mstari wa chaki katikati ya chumba, upate vipande viwili vya mita 4 kwa 5. Kila kipande ni mita za mraba 20, kwa hiyo lita 6. Koroga lita 6 tu, mwaga, vuta mpaka kwenye chaki. Ikiisha kabla ya kufika, meno ni makubwa au mnaisimamisha sana. Ikibaki, meno ni madogo. Mtajua kwenye nusu ya kwanza, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Kuna pia kitana kidogo cha chuma cha kupimia, chenye meno yaliyopangwa kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Unakisimamisha kwenye epoksi mbichi, unaangalia jino la mwisho lililolowa. Ni cha bei ndogo na kinamaliza ubishi kati ya mwenye nyumba na fundi.

Rola inakuja nyuma ya skwiza. Chukua ya sentimita 45, manyoya mafupi yasiyonyonyoka. Kabla ya kuitumia izungushie tepu ya karatasi kisha ubandue, itoe nyuzi zote, vinginevyo utazikuta zimeganda sakafuni. Aliyevuta skwiza kwa urefu wa chumba, wa rola apite kwa upana, kidogo, bila kukandamiza, kisha atoke. Anayerudi kusugua pale palipoanza kushika ndiye anayeleta alama.

Viatu vya miiba ni lazima, kwa sababu wa rola anasimama juu ya epoksi mbichi. Rola ya miiba kwa milimita 0.3 usinunue. Hiyo ni ya epoksi nzito ya milimita 2, inatoa hewa iliyonaswa ndani. Kwenye koti jembamba hewa inatoka yenyewe ukikoroga polepole. Drili azima, si lazima ununue, lakini usikoroge kwa kijiti.

---

Mkandarasi_Mdogo:

Mkuu unamtisha dada wa watu. Mimi nimepaka maduka kwa rola na wateja hawajalalamika. Siri ni tina. Weka tina kidogo epoksi iwe nyepesi, itajitandaza yenyewe, hakuna mistari.

---

FundiSakafu_Dar:

Kaka, sikubaliani nawe, na nitasema kwa nini. Tina inatandaza leo, lakini lazima itoke. Ikitoka, koti linapungua unene, na ikinaswa chini inaacha matundu na ulaini. Kama kopo limeandika kiasi cha tina kinachoruhusiwa, hasa kwa praima, yaani koti la kwanza la kufungia zege, sawa. Kama halijaandika, usiweke. Na huyu dada anafungasha iliki na karafuu kwenye chumba kilichofungwa. Viungo vinanyonya harufu.

---

MamaUsafi_Mombasa:

Hamjambo nyote. Mie ni msimamizi wa usafi kwenye hoteli huku Mombasa, sakafu zetu nyingi ni terazo, na kazi yetu si epoksi, ni ile dawa ya kung'arisha ya maji. Naandika kwa sababu kuna watu watasoma hapa wakadhani skwiza ya meno ni ya kila kitu.

Dawa ya kung'arisha hupakwa nyembamba mno, koti juu ya koti, nne hivi. Hapo meno hayafai. Sisi twatumia kile cha mpini mrefu chenye kichwa bapa kama herufi T, kimevikwa kitambaa laini cha kuvua na kufua. Waanza kwa kuchora ukingo wa ukuta, kisha wajaza katikati ukirudi nyuma kuelekea mlangoni, kila mpito ukipanda kidogo juu ya ule uliotangulia. Waacha koti likauke sawasawa ndipo uweke lingine. Ukiharakisha, la juu lafunga na la chini lingali bichi, sakafu yatoka na ukungu.

Na kitambaa hicho kiwe cha kazi hiyo tu. Mopu iliyowahi kuosha kwa sabuni hubaki na sabuni hata uikamue vipi, na sabuni hiyo huifanya dawa ichujuke kama poda. Nimewapiga marufuku wasichana wangu kuchanganya vifaa, na ndoo zenyewe zina rangi tofauti.

Dadangu wa Tanga, kila la heri. Lakini hewa ya kwetu na ya kwenu ni moja, ina maji. Muulize huyo fundi kuhusu unyevu.

---

FundiSakafu_Dar:

Ahsante sana mama, umegusa penyewe. Skwiza nzuri haisaidii kitu kwenye zege lenye maji.

Dada, kabla ya kununua hata kopo moja: kata nailoni kipande cha sentimita 45 kwa 45, kibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne, kiache saa 16 au zaidi. Fanya sehemu kadhaa, hasa karibu na ukuta wa nje na karibu na bomba. Ukibandua ukakuta matone au zege limekuwa jeusi, maji yanapanda kutoka chini. Epoksi itainuliwa.

Pili, niru lazima iondolewe. Niru ni ngozi ya saruji, laini na dhaifu, ndiyo hiyo inayokupa vumbi. Ukipaka juu yake, epoksi itaishika niru vizuri sana na niru italiachia zege. Kodi grainda yenye jiwe la almasi na kifyonza vumbi, kwangueni mpaka uso uwe kama msasa ukipitisha kiganja.

Tatu, saa. Zege lina vitundu vyenye hewa. Asubuhi likipata joto hewa inatanuka na kutoka, inakutana na epoksi mbichi, unapata vipovu chumba kizima. Kwa hiyo praima ipakwe alasiri, saa tisa hivi, zege linapoanza kupoa na kuvuta hewa ndani. Lakini usisogee mpaka magharibi. Sakafu inatakiwa iwe na joto la angalau digrii 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa mpaka hapo inaanza kutoa matone. Hewa ya Tanga ikiwa digrii 30 na unyevu asilimia 80, umande uko karibu digrii 26, maana yake sakafu isishuke chini ya 29. Ikishuka wakati epoksi ni mbichi, unapata utando mweupe wenye mafuta, na koti la pili halitashika juu yake. Masika subiri yaishe.

Praima ikishafunga vitundu, koti la juu linaweza kwenda kesho yake saa nne asubuhi, mradi hamjapitisha muda ulioandikwa kwenye kopo.

---

BintiMuheza:

Shikamoo fundi, na mama wa Mombasa shikamoo pia. Nimepata zaidi ya nilichotafuta.

Nailoni nimeweka sehemu nne. Tatu zimetoka kavu kabisa. Ya nne, pembeni kwenye ukuta wa nyuma, ina matone. Nyuma ya ukuta huo kuna simtanki na bomba la kufurika linalomwaga pale pale chini. Je, niendelee na sehemu kavu, ile kona niiache? Na swali la mwisho: wasaidizi wangu ni wawili tu, tunatosha?

---

FundiSakafu_Dar:

Marahaba dada.

Usiendelee. Bomba lile lirefushwe limwage mbali na msingi, kisha subiri wiki kadhaa na urudie nailoni kona ile ile. Ukipaka sehemu kavu sasa, baadaye utakuwa na kiungo katikati ya chumba, na kiungo ndipo maji ya kudeki yanapoingilia. Pesa ya epoksi ikae mfukoni mpaka nailoni itoke kavu.

Watu watatu mnatosha, kila mmoja na kazi yake na asiiache. Mmoja anakoroga, mmoja anavuta skwiza, mmoja ana rola na viatu vya miiba. Kingo za ukuta zitanguliwe kwa brashi, upana wa kiganja, kwa epoksi ya ndoo ile ile.

Anayekoroga: resini (epoksi yenyewe) na hadena (dawa ya kuigandisha) kwa vipimo vya kopo, dakika 3, drili polepole, akwangue pembeni na chini, kisha ahamishie kwenye ndoo nyingine safi akoroge tena. Akishakoroga aimwage yote sakafuni papo hapo kwa mistari. Ikikaa ndani ya ndoo inajichemsha yenyewe na kuganda, ikiwa imetandazwa inawapa muda. Na asigeuze ndoo juu chini ili ichuruzike yote. Kilichong'ang'ania pembeni mara nyingi hakikukorogeka, na palipodondokea patabaki pananata miezi yote.

Glavu vaeni wote watatu, za nitrili. Epoksi mbichi ngozi ikishaizoea vibaya, muwasho haukuachi tena.

Mkimaliza, skwiza ifutwe na ioshwe kwa tina mara moja kabla haijashika, meno yakiziba hiyo si skwiza tena. Rola tupeni. Msitembee siku ya kwanza, toroli lisubiri siku 7, na viungo virudi chumbani harufu ikiwa imeisha kabisa. Ukibandua nailoni ya mara ya pili, weka matokeo hapa, nitakuambia ukubwa wa meno kulingana na epoksi utakayoipata huko Tanga.