Salim bin Juma wawili, mimi nimemwandika mmoja. Nawatenganishaje?

Mjukuu wa Pangani:
Wakuu, habari za leo. Nimeharibu. Kwenye mti wa ukoo niliouweka mtandaoni, babu yake babu yangu nimemwandika "Salim bin Juma, kafariki 1934". Mwaka niliutoa kwenye kaburi lililoko shambani kwetu, chini ya mwembe. Jiwe limeandikwa Salim bin Juma, 1352. Nikaigeuza toka hijria kuwa miladi, basi, nikaona kazi imekwisha.

Juzi shangazi kanikata kauli: "Salim gani huyo mwenye kaburi? Salim alichukuliwa kubeba mizigo vita vya Mjarumani, hakurudi." Na binamu zangu wameshanakili. Mmoja kachapisha fulana za mkutano wa ukoo, mwaka 1934 mgongoni!

Mzee wa Chumbageni:
Mwanangu, shangazi yako msikilize. Kwetu mtu humpa mwanawe jina la baba yake. Salim anamzaa Juma, Juma anamzaa Salim. Ukikomea majina mawili, babu na mjukuu watakuwa mtu mmoja siku zote. Uliza la tatu. Hesabu yako ya mwaka si mbaya, 1352 inaanza Aprili 1933, inaishia Aprili 1934. Ulichokosea ni mtu, si tarehe.

Karani Mstaafu:
Na usihangaike kutafuta kaburi la yule wa vitani. Katika vita ile ya kwanza ya dunia pande zote mbili, Mjarumani na Mwingereza, zilikusanya wapagazi, wengi kwa nguvu, na waliokufa njiani kwa kuhara na njaa walifukiwa palepale. Jina la Kariakoo lenyewe linatokana na kikosi cha wapagazi wa Mwingereza, Carrier Corps. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina.

Swali langu ni moja: hilo kaburi la mwembeni lina urefu gani?

Mjukuu wa Pangani:
Mkuu, swali lako limenirudisha shamba. Nimepima kwa mkono, toka jiwe la kichwani hadi la miguuni: shibiri sita. Nikakaa chini. Miaka yote napita pale, sijawahi kujiuliza mtu mzima analalaje humo.

Nimempigia shangazi. Wa vitani ni Salim bin Juma bin Mbwana. Wa mwembeni ni Salim bin Juma bin Salim, kaka yake babu, alikufa kwa homa hajafika hata jando. Alipewa jina la babu yake asiyerudi. Shangazi akaniuliza kwa nini sikuuliza mapema. Sikuwa na jibu.

Nimewatenganisha. Wa kwanza nimeweka "alichukuliwa vitani, hakurudi, kwa kauli ya shangazi", mwaka nimeuacha wazi. Ule mwandiko wa zamani sijaufuta, nimeandika pembeni nilivyokosea, ili aliyenakili ajue. Binamu nimewatumia picha ya kaburi na mkono wangu juu yake.

Mzee wa Chumbageni:
Na wa fulana?

Mjukuu wa Pangani:
Kasema atazivaa hivyohivyo, Salim wa 1934 naye ni wetu.