Wendy Richard: Miss Brahms wa dukani au Pauline wa EastEnders, yupi mkali?

Mama Zawadi
Wakuu habari za usiku. Uzi wangu hauna siasa wala mapenzi, mnivumilie tu. Mi niko Uingereza nabeba boksi kama wengine, boksi langu ni kutunza wazee, na kuna bibi mmoja namhudumia zamu za usiku, halali huyo mpaka saa saba na TV lazima iwake. Wiki iliyopita tukawa tunaangalia vichekesho vya kale vinaitwa Are You Being Served?, kuna duka kubwa la nguo linaitwa Grace Brothers, wafanyakazi hawauzi kitu kutwa nzima ni kusengenyana tu. Sasa idara ya nguo za kike kuna binti anaitwa Miss Brahms, kiuno cha nyigu, nywele zimekaa, na ulimi wake ni wembe. Bibi akanigusa mkono akaniambia unamwona huyo, huyo ndo Pauline. Nikamwambia hapana bibi, Pauline ni yule mama wa EastEnders, ile tamthilia ya BBC ya maisha ya mtaa mmoja London, mwenye sweta la vifungo na uso kama kalamba shubiri. Akacheka mpaka meno ya bandia yakataka kumtoka.

Kumbe kweli mtu ni mmoja, marehemu Wendy Richard. Miss Brahms kuanzia 1972 hadi 1985, halafu Pauline Fowler 1985 hadi 2006. Sasa nauliza, kipi ndo kilikuwa kipaji chake hasa, vichekesho au tamthilia? Na asiyemjua kabisa aanze na kipi? Mi naelekea kwa Miss Brahms ila sijafunga mlango.

Kinyozi wa Reading
Pauline. Funga uzi.

Mama Zawadi
Kaka na wewe, toa sababu basi, hatuko kwenye uchaguzi hapa 😂

Kinyozi wa Reading
Haya dada. Mi nimeingia nchi hii 1992 Kiingereza changu ni cha darasani, mtu wa dukani akiniongelesha naitikia tu yes yes, EastEnders ndo imenifundisha watu wa London wanavyoongea. Na Pauline ndo alikuwa mwalimu maana huyo mama alikuwa anaongea kwa kulalamika na malalamiko yanarudiwarudiwa kwa hiyo unashika. Nakumbuka 1993 ile siku anajua kwamba mumewe Arthur anatembea na Christine Hewitt. Arthur mpole yule, anapenda bustani, huwezi kumdhania. Pauline hakutoa hotuba wala nini, alichukua kikaango kikatua usoni kwa Arthur. Nilikuwa nimekaa na wenzangu wanne chumba kimoja tukaruka wote kama timu imefunga goli.

Halafu mtoto wao Mark ana virusi vya UKIMWI. Hebu fikirieni miaka ile, kwetu nyumbani neno lenyewe lilikuwa halitajwi mezani, mtu akifa tunasema kaugua muda mrefu. Mi naangalia mama wa kizungu asiye na hela, anafua nguo za watu kwenye duka la mashine, anajifunza kuishi na habari hiyo polepole, anakosea, anaogopa, anarudi kumkumbatia mwanawe. Hiyo Miss Brahms haiwezi kukupa hata kidogo.

Bint Mvita
Ndugu yangu kinyozi nakuheshimu lakini hapo umeonea vichekesho. Watu hudhani kuchekesha ni kazi rahisi. Mtizame Miss Brahms mteja akiingia: anainua kidevu, sauti inapanda juu, anaongea Kiingereza cha mabibi wakubwa, mteja akigeuza kisogo tu sauti inashuka inarudi ya uswahilini kwao London, na yote ndani ya sentensi moja bila kupumua. Hiyo ni fundi. Tena alikuwa amesimama pembeni ya Mollie Sugden, yaani Mrs Slocombe mwenyewe, yule nywele leo zambarau kesho kijani, na John Inman ambaye akisema tu I'm free ukumbi mzima uko chini. Mtu wa kawaida angemezwa pale. Yeye hakumezwa, anangoja wamalize halafu anarusha neno moja.

Na kwa sisi watu wa Pwani mchezo ule tunauelewa haraka, mafumbo matupu. Mrs Slocombe akianza habari za paka wake na kila mtu anajitia kuwa anaongelea paka, ni taarabu ile wallahi, imekosa kinanda tu. Miss Brahms kazi yake ni kile kijicho cha pembeni, kama mwanamke aliyeelewa fumbo ila hataki kuonekana kaelewa.

Otis Eastlands
Si huyu ndiye alikuwa kwa Mind Your Language? Ile ya mwalimu Brown tulikuwa tunawatch KBC tukiwa watoto?

Mzee wa Antena
Hapana kijana wangu, umechanganya. Mind Your Language ilikuwa ya ITV, imeanza 1977, mwalimu ni Barry Evans, Wendy hakuwemo. Aliyepita Mind Your Language kisha akaja kucheza EastEnders baadaye ni Jamila Massey, yule mama aliyekuwa anafuma darasani.

Otis Eastlands
Sawa mzee nimekubali. Lakini hiyo ya Brown bado ndiyo number one hakuna mjadala.

Mzee wa Antena
Hilo anzisha uzi wako 😄

Wanangu ngoja niweke mambo machache maana mnashindanisha mti na tunda lake. Huyu mama amezaliwa 1943 Middlesbrough, kaskazini huko, si mtoto wa London kama sauti inavyodanganya, ila kakulia London kwenye baa, wazazi wake walikuwa wanaendesha mabaa. Baba yake alijiua 1954, na aliyemkuta ni yeye, mtoto wa miaka 11. Mtu ametoka huko. Akafanya kazi duka la Fortnum & Mason idara ya mavazi ili alipie shule ya uigizaji ya Italia Conti. Kwa hiyo mnapomwona Miss Brahms anavyomkunjia mteja nguo huku anamchukia kimoyomoyo, hakufundishwa na dairekta, alishasimama nyuma ya kaunta kweli.

1962 akaimba na Mike Sarne wimbo Come Outside, ukashika namba moja Uingereza. Ule wimbo yeye hata haimbi sana, anamjibu jamaa kwa maneno ya kawaida tu, jamaa anamwomba watoke nje yeye anamkatalia. Malipo yake? Pauni 15, basi. Halafu akapewa kipande kwenye filamu ya Beatles, Help!, wakakikata chote. Akacheza tamthilia ya The Newcomers miaka ya 60, watu wengi wanasahau hii, kwa hiyo tamthilia alianza kabla hata ya Miss Brahms. Akapita vichekesho vya Dad's Army kama demu wa yule mlanguzi Walker, na aliyekuwa nyuma ya Dad's Army ni David Croft, huyohuyo aliyekuja kuandika Are You Being Served? na Jeremy Lloyd.

Sasa tarehe ambayo ningependa mwitazame. Sizoni ya mwisho ya Are You Being Served? ilianza kurushwa Jumatatu tarehe 18 Februari 1985. EastEnders ikaanza Jumanne tarehe 19. BBC One hiyohiyo! Jumatatu usiku watu wamemwona dukani na viatu vya visigino, Jumanne yuleyule anaingia Albert Square, uwanja wa mtaa wa EastEnders, nywele hazina habari, ni mama mtu mzima, na punde tu tunasikia ana mimba uzeeni na mama yake mzazi Lou anafoka. Imeendelea hivyo wiki kadhaa mpaka Aprili. Wangapi wanaweza kufanya hivyo na watu wasicheke?

Mama Zawadi
Mzee umeniacha mdomo wazi. Ndo maana bibi alisema "ilikuwa inatuchanganya", nikadhani ni umri.

Neema wa Dallas
Jamani huku Marekani sisi tumemjua kupitia PBS, televisheni ya umma ya huku, na ni Miss Brahms tu, EastEnders haikupata wafuasi hivyo. Ila mi naleta chaguo la tatu mnalolikwepa: Barbara Windsor. Naye ni vichekesho kwanza, filamu za Carry On tisa, kisha EastEnders 1994 kama Peggy Mitchell wa baa ya Queen Vic. Kile kimama kifupi kikisema get outta my pub mwanaume mzima anatafuta mlango. Tena kapewa na cheo cha Dame 2016, Wendy aliishia nishani ya MBE ya 2000. Kwa kigezo cha vichekesho na tamthilia ulichouliza dada, Barbara anashinda.

Bint Mvita
Neema vyeo tuachie serikali. Barbara alimpeleka Barbara kwenye EastEnders, kile kicheko na ule mwendo vilimfuata, Peggy ni yule binti wa Carry On aliyefungua baa. Si vibaya, nampenda sana. Lakini Wendy alimwacha Miss Brahms mlangoni kabisa. Weka picha mbili mbele ya mtu asiyejua, hatasema ni mtu mmoja, si hata dada Zawadi ameshindwa?

Na nikuongezee, wote wawili wamo kwenye Carry On Girls ya 1973, wanacheza warembo wa mashindano. Barbara ndiye anatazamwa, Wendy yuko pembeni.

Neema wa Dallas
Hapo sawa, ila nakataa kwamba Peggy ni Barbara tu. Ile hadithi ya Peggy kupata saratani ya matiti ilikuwa nzito, watu walilia.

Mzee wa Antena
Ilikuwa nzito kweli. Na Wendy mwenyewe aligundulika na saratani ya matiti 1996, si ya kuigiza, yake. Akaendelea kwenda kazini. Ikarudi 2002, ikarudi tena 2008. Mi hiyo huwa sipendi kuiweka kwenye mizani ya nani mkali, basi tu mjue.

Kinyozi wa Reading
Mzee umetuliza jukwaa. Lakini hamjagusa mwisho wa Pauline na ndipo ninaposhinda hii kesi.

Waandishi walimwoza Pauline kwa jamaa anaitwa Joe Macer, na Wendy hakuipenda hiyo hadithi, alisema Pauline asingeolewa tena baada ya Arthur, akaona bora aondoke. Miaka 21 ya kazi, mshahara wa uhakika, anaondoka kwa sababu mtu wa kubuni anakosewa heshima! Mimi bosi akinibadilishia zamu nanuna siku mbili halafu naripoti kama kawaida. Krismasi ya 2006 Pauline akaanguka kwenye theluji pale uwanjani, karibu na lile benchi la kumbukumbu ya Arthur. Siku ya sikukuu, sisi tuna pilau mezani limepoa.

Sasa sikilizeni. Baadaye Joe anakiri kumbe alimpiga Pauline kichwani kwa kikaango. Kikaango! Miaka 13 nyuma ndicho alichomtwangia Arthur. Sijui kama waandishi walipanga au walikumbuka dakika za mwisho, ila nilisimama nikazunguka sebule.

Otis Eastlands
Aki hiyo ya sufuria imenimaliza 😭 naanza na Pauline.

Bint Mvita
Kikaango Otis, sufuria ni nyingine hiyo. Na usianze hapo, sehemu zenyewe ni maelfu utazeekea humo, Are You Being Served? zote ni 69 tu, nusu saa nusu saa, unamaliza kabla ya Ramadhani.

Kinyozi nakupa pointi ya mwisho wa Pauline, haki yako. Ila na mimi nina karata. 1992 wale watu wa dukani walirudi na Grace & Favour, duka limekufa wamepewa jumba la shamba waliendeshe, sizoni mbili. Na Wendy akarudi kuwa Miss Brahms wakati bado ni Pauline! Yaani alipokuwa na njia ya kumzika Miss Brahms hakumzika, alimfungulia mlango. Mtu hafanyi hivyo na kazi anayoiona ya utoto.

Kinyozi wa Reading
Hiyo sikuijua. Dah.

Neema wa Dallas
Basi na mi nimebaki na Peggy wangu peke yangu, sawa tu, nimezoea timu ndogo.

Mzee wa Antena
Kwa anayeuliza aanze wapi: atazame Miss Brahms sehemu tatu nne za mwanzo mwanzo, kisha aende moja kwa moja EastEnders ya kwanza kabisa ya 1985, asipitie picha wala maelezo katikati. Ule mshtuko ndio wenyewe. Mengine atachagua mwenyewe.

Mama Zawadi
Wakuu nimerudi, jana nilikuwa zamu. Nikamsomea bibi majibu yenu, nikimtafsiria, ya kinyozi alicheka sana, ya Wendy kukatiwa kipande kwenye filamu ya Beatles akasema hiyo walimkosea. Nikamuuliza sasa bibi wewe uko upande gani, Miss Brahms au Pauline. Akanyamaza muda, nikajua kasinzia. Kisha akaniambia Pauline aliondoka Krismasi na yeye, Wendy mwenyewe, alifariki Februari ya 2009, na Krismasi ile ya theluji bibi alikuwa ameitazama na mumewe, na mumewe naye hayupo. Kwa hiyo Pauline hamtazami usiku.

Nikasema basi tuweke ya dukani. Akaniuliza zamu yako inaisha saa ngapi, nikamwambia saa mbili asubuhi. Akasema haya, chemsha chai.