Naomba ushauri: uzito na vazi kavu kwenye meli iliyozama mita 6

Wakuu, naomba ushauri kuhusu kuzamia Sweepstakes, skuna (meli ya matanga) ya milingoti miwili iliyojengwa 1867 na kuzama 1885 huko Big Tub, Tobermory, Kanada. Kina ni kama mita 6 tu, ila maji ya mwanzo wa msimu ni barafu tupu.

Kinachosumbua ni uzito wa kujifunga ili nisielee. Mtungi wa lita 12 ukishuka kutoka baa 230 (baa ni kipimo cha shinikizo) hadi 50 umepoteza hewa ya kilo 2.6 hivi, kwa hiyo unakuwa mwepesi. Kwenye kina hicho vazi kavu (drysuit, lisiloingiza maji na lenye hewa ndani) hufura haraka ukipanda kidogo tu. Ukichelewa kutoa hewa kwenye vali ya bega la kushoto, unapaa. Je, mnapima uzito mtungi ukiwa na baa 50, au ukiwa umejaa kisha mnaongeza kilo 2 na ushee? Vipande vya risasi vya uzito vyote kiunoni, au vingine vifungwe juu ya mtungi ili miguu isining'inie? Pezi moja (kiatu cha kuogelea) likigusa tope, sitaha haionekani tena, achilia mbali mbao zenyewe kuumia.

Pili, regyuleta (kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi) kuganda na kumwaga hewa mfululizo: kutoipumulia kabla ya kuzama kunatosha, au lazima hatua ya kwanza (sehemu yake inayofungwa kwenye mtungi) iwe iliyozibwa maji yasiingie?