Hekalu ya nyoka kule India, banapindua chungu juu ya kupata mtoto?

Mama_Nguba
Jambo ba ndugu, niko na ulizo, naomba musinichekelee. Niko nafanya kazi kwa magazini ya Muhindi moja hapa Bukavu, mutu wa Kerala, kusini ya India. Kwa ukuta kuko kalandriye yenye picha ya mungu wao Vishnu, amelala juu ya nyoka amejikunja sawa kamba ya mutumbwi, vichwa mingi vimemufunika kama mwamvuli. Bibi ya patro aliniambia walikawia kuzaa, bakaenda kwa hekalu ya nyoka bakapindua chungu ya shaba, na leo kijana yao anasoma. Miye na bwana yangu tuko na miaka 9 bila mtoto, na maneno ya mama mukwe minayasikia kila siku. Sitake kwenda huko, minataka tu kujua kama ile kitu iko ao alinihurumia tu. Na juu ya nini nyoka?

Yaya_Ibanda
Pole sana dada. Iko kabisa, inaitwa Mannarasala, kule Haripad, nilifika wakati nilikuwa nasoma India. Ni kama pori ndani ya muji, miti mikubwa, na chini yake nyoka za mawe maelfu na maelfu, zimepakwa bizari ya manjano mpaka vidole vyako vyote vinabakia manjano. Bibi na bwana wanapindua ile chungu, yaani uruli, mudomo chini, mtoto akizaliwa wanarudia kuisimamisha. Na anayeongoza ibada ni mwanamuke, wanamuita Valiya Amma, maana yake Mama Mukubwa! Juu ya nyoka, wazee wa kwao wanasema Parashurama, umbo moja ya ule mungu Vishnu, alitoa ile inchi ya Kerala ndani ya bahari, udongo ulikuwa chumvi tupu, hakuna kitu kilikuwa kinaota, njo akaomba mufalme wa nyoka, sumu yao ikaondoa chumvi. Kwa hiyo nyoka kwao ni uzazi, wa shamba na wa mutu.

Mutumishi_K
Dada yangu, angalia sana. Musa alitengeneza nyoka ya shaba kwa amri ya Mungu, Hesabu 21, lakini batu walipoanza kuichomea ubani mufalme Hezekia aliivunja. Omba kama Hana, ule mama tasa wa Biblia aliyeomba mtoto, tuko tunakuombea.

Infirmiere_Kadutu
Maombi ndiyo, lakini bwana yako alipimwa? Minaona bamama wanapimwa mara tano, bwana hata mara moja hapana, na kumbe tatizo inaweza kutoka kwa mwanaume pia. Muende wote mbili, siku moja.

Mama_Nguba
Aksanti sana. Hajapimwaka hata siku moja, jana usiku nilimuambia, akanyamaza kisha akasema Juma Tatu tutaenda. Leo asubui nimeuliza bibi ya patro kama walirudia ile chungu. Akasema ndiyo, mtoto akiwa bado wa kubeba, yeye akashika upande moja, bwana upande mwengine, wakaisimamisha.