Mtoto anaficha chapati chini ya godoro

Mama Wawili: Shikamooni wakubwa. Namlea mtoto wa marehemu dada, ana miaka 7. Mpaka miaka 4 aliishi kwenye vipigo na njaa. Kwangu anashiba, ila nikifua shuka nakuta chapati zimekauka chini ya godoro. Geti likibamizwa anajikojolea. Ataacha?

Nesi Moro: Pole dada. Tafadhali usimchape. Mwili wake umezoea hatari, homoni za hofu zinapanda hata kwa kishindo kidogo. Huko Romania watafiti walifuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye vituo vya yatima. Waliopelekwa kwenye familia walipungukiwa na wasiwasi na huzuni. Waliowahi kabla ya miaka 2 walishikamana na walezi vizuri zaidi. Wako kachelewa kidogo, hajapotea.

Baba Neema: Mimi nilikuwa mtoto huyo. Nina miaka 41, silali mpaka nihakikishe komeo mara tatu. Bibi alinipa kopo langu la biskuti kando ya kitanda, akawa analijaza kila Jumamosi bila kuuliza. Kuficha niliacha nikiwa darasa la nne.

Mama Wawili: Asante kaka, nimelia. Kesho nanunua kopo lenye mfuniko, achague rangi mwenyewe.