Naomba ushauri: napenda fantasia tangu utotoni, nawezaje kuwa mwandishi kweli?

Chipukizi wa Kalamu:
Wakuu, salamu. Tangu nikiwa mdogo mimi ni mtu wa mazimwi, majini na falme za chini ya bahari. Madaftari yangu ya shule yalijaa ramani za nchi zisizokuwepo na majina ya wafalme wake hadi vitukuu. Sasa ni mtu mzima na mapenzi hayo hayajapoa hata kidogo. Nataka kuwa mwandishi, lakini kila nikikaa kuandika naongeza mto kwenye ramani, nabuni ukoo mpya, hadithi yenyewe haianzi. Watu wangu wa karibu wananiambia niache mambo ya kitoto, niandike maisha halisi. Nianzie wapi?

Bibi Ngano:
Mwanangu, hilo la utoto lisikunyime usingizi. Mwaka 1826 mtoto mmoja wa Uingereza, Branwell Brontë, aliletewa na baba yake askari wa kuchezea wa mbao. Yeye na dada zake wakawapa majina, wakawabunia nchi, wakawaandikia vitabu vidogo mno kwa herufi za kusomwa kwa shida. Dada yake Charlotte aliendelea na nchi yao ya Angria mpaka utu uzimani, na mwaka 1847 akatoa riwaya yake mashuhuri, *Jane Eyre*. Miaka yote ile ya Angria alikuwa akijifunza wivu, tamaa na hila za watu zinavyoandikwa. Lakini angalia: wale watoto hawakuishia kuchora nchi, waliwapa watu wake ugomvi. Nchi yako ina ugomvi gani?

Msoma Usiku:
Naunga mkono, ila nitakuwa mkali kidogo. Kunja ramani. Chukua kijiji kimoja, mtu mmoja, siku moja, uandike kurasa chache zenye mwanzo na mwisho. Zikiwa mbaya, andika nyingine. Ukimaliza, mpe mtu asome, hata kama moyo unadunda. Ursula K. Le Guin, mwandishi Mmarekani wa fantasia, alituma hadithi kwenye jarida akiwa na miaka 11, ikakataliwa. Riwaya yake ya mchawi kijana, *A Wizard of Earthsea*, ilitoka 1968, akiwa mtu mzima. Huyo hakuacha fantasia ili akue.

Karani wa Zamani:
Hao wanaotaka "maisha halisi" waambie wasome *Kusadikika* ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Nchi hiyo ya Kusadikika inaelea angani! Na humo Karama anasimamishwa kizimbani kwa kufundisha sheria. Kitabu kimeandikwa chini ya ukoloni, na msomaji anaona wazi kwamba dhuluma inayosemwa si ya angani. Kwangu mimi fantasia nzuri ndiyo inayoyasema maisha halisi bila kuyataja kwa jina.

Jambo lingine, na hili naliona muhimu kuliko yote: uchawi wako una gharama gani? Mganga akiweza kila kitu bure, msomaji hana sababu ya kuogopa. Mnyime kitu. Kila anapotumia nguvu zake, apoteze kitu anachokipenda.

Chipukizi wa Kalamu:
Bibi, shikamoo, na asanteni nyote. Hilo la gharama limenigusa. Kwenye pwani ya ramani yangu kuna mvuvi niliyemwandika jina tu. Nimewaza hivi: bahari inampa samaki, lakini kwa kila samaki inachukua kumbukumbu yake moja. Hii inatosha kuwa hadithi?

Msoma Usiku:
Inatosha kabisa. Wafalme wasubiri.

Bibi Ngano:
Marahaba mwanangu. Usianze na jinsi alivyopata mapatano hayo, utarudi kwenye koo na mababu tena. Ipo kumbukumbu moja ambayo hataki kuitoa, ya mama yake au ya mtoto, wewe ndiye utakayejua. Anza siku ambayo nyumbani kuna njaa na bahari imeitaka hiyo hiyo. Ukishaandika ukurasa wa kwanza, uweke hapa tuusome.